Mwanamke wa Chumba cha Barafu

Nilianza kumshuku Mhariri kwa sababu ya kiti.

Rafiki yake, Daktari wa Meno, alikuwa amepanga viti vyote vya sebuleni vitazame ukutani, kwenye kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu. Mhariri alipoingia alikishika changu, akakigeuza, kikatazama dirishani.

"Hapa kuna hewa, mpenzi," alisema.

"Kwani nimekuja kupunga upepo?"

"Leo hatutazami sana. Leo tunabishana tu."

Kazi yake ilikuwa kukata na kuunga filamu kwenye chumba kisicho na dirisha, na watu wote walimwita Mhariri, hata mimi, hata nilipokuwa na sababu za kumwita majina matamu zaidi. Tulikuwa bado kwenye ile miezi ambayo simu ikiita moyo unaruka kabla ya mkono. Lakini kila Jumamosi mchana alinitoroka kwenda barazani kwa rafiki zake wa filamu, na kila nilipoomba kwenda naye aliuma maneno. Safari hii nilimbana mpaka akasalimu amri. Nilijiuliza njia nzima: mtu anayenishika mkono hadharani bila aibu, mbona anaona taabu kunipeleka kwa marafiki wawili?

"Shemeji, karibu!" Daktari alinipokea kwa kicheko kikubwa, kicheko cha mtu aliyezoea kuongea na watu wasioweza kumjibu. "Tumekusikia mpaka masikio yameota sugu. Haya, kabla hujakaa: unamjua Ndoano?"

"Simjui."

"Hamjui Ndoano!" Akamgeukia mwanamke mrefu aliyekuwa amekunja miguu kwenye kochi. "Mwalimu, umesikia? Mhariri anaoa mtu asiyemjua Ndoano!"

"Basi kapata mtu mwenye akili timamu," alisema Mwalimu, akanipa mkono. Alifundisha fizikia, na sauti yake ilikuwa ya kunyamazisha darasa zima bila kupanda. "Kaa, mdogo wangu. Hawa wawili ni wagonjwa. Mimi naja kuwauguza."

Walinieleza kwa kupokezana. Ndoano lilikuwa jina la utani la mtengeneza filamu za kutisha, sasa marehemu, ambaye hakutoa filamu hata moja isiyo na mtu aliyening'inizwa. Kuna filamu zake zilizopigwa marufuku, kuna zilizochomwa moto, na kuna watu waliozirai kwenye viti wakitazama. Wengine walimwita fundi, wengine walimwita mchinjaji aliyepata kamera. Baraza lao lilikuwa linazipanga filamu zake kutoka bora hadi mbovu, na mjadala haukuwa na mwisho. Daktari alikuwa amebeba ubao mweupe kutoka kwenye chumba chake cha kutibia. Pembeni bado ulikuwa na picha ya gego.

"Ya kwanza ni Chumba cha Barafu, hiyo haina mjadala," alisema, akaandika juu kabisa. "Watu wanasema msichana wake alifia mlemle chumbani. Tugombanie zinazofuata. Mimi nasema Mkasi wa Shangazi."

"Vichekesho vile?" Mwalimu alisonya. "Damu yenyewe juisi. Shangazi analamba mkasi hadharani."

"Ndiyo raha yake! Unaogopa huku unacheka."

"Wapangaji wa Chini ndiyo filamu. Familia imehamia nyumba mpya, inasikia watu wa chini wanatafuna. Wanatafuna tu! Humwoni mtu mpaka mwisho. Pale hakuwa na fedha za kununulia juisi yako, ikabidi atumie kichwa."

"Na Harusi ya Ngozi?"

"Harusi ya Ngozi kaitupe jalalani. Yule mbuzi alichinjwa kweli, mbele ya kamera, ili wewe ukae hapa ule karanga."

Nilijikuta nacheka. Niliwapenda hapo hapo. Walibishana kama watu wanaopika pamoja, kila mmoja akitia chumvi kwenye chungu cha mwenzake. Ni Mhariri peke yake aliyekuwa kimya. Yeye, ambaye alikuwa anaweza kunisimulia mkato mmoja wa filamu mpaka chai ikapoa!

"Shemeji naye aseme," alisema Daktari.

"Mimi sijaiona hata moja," nikasema. "Ila nauliza. Hao wanaoning'inizwa, mbona kwa maelezo yenu ni wanawake watupu?"

Daktari alikuna shingo. Mwalimu alinyoosha mikono juu kama mtu aliyefunga bao zuri.

"Swali hilo huwa nawauliza, wananijibu habari za mwanga na kamera."

"Anatuonyesha ukatili ili tuuchukie," Daktari alijitetea.

"Mbona basi unarudisha nyuma kuutazama tena?" Mwalimu alimuuliza.

Hapo ndipo Mhariri alipofungua mdomo. "Iondoe Chumba cha Barafu hapo juu. Iweke mwisho."

Daktari alishusha kalamu taratibu. "Nani? Wewe? Wewe uliyetufundisha kuipenda? Miaka yote umeiweka ya kwanza, ukasema hakuna mwanamke aliyewahi kuigiza vile tangu kamera ziumbwe!"

"Nimebadili mawazo."

"Lini?"

"Nimebadili tu, kaka. Andika."

Alisema hivyo bila kunitazama. Nami nilimjua: mtu huyu alikuwa ananitazama hata nikipiga chafya.

"Nionyesheni hiyo Chumba cha Barafu," nikasema.

"Si ya kutazama na chai," alidakia Mhariri, tayari amesimama. "Twende, nikununulie kitu mtaani, tutarudi."

"Mwache shemeji aone kipande," alisema Daktari. "Kile cha mlangoni tu. Aone halafu atuhukumu."

"Nimesema hapana!"

Mwalimu alimkata jicho Mhariri, kisha akanitazama mimi, na nikaona naye ameanza kujiuliza. Nikainuka, nikakigeuza kiti changu, nikaketi nimeuelekea ukuta.

"Weka," nikamwambia Daktari.

Mwanamke kijana amefungiwa kwenye chumba cha kugandishia nyama. Nyuma yake nyama zimening'inia. Anagonga mlango mzito wenye kioo kidogo, pumzi yake inatoka kama moshi. Anagonga, anacheka kidogo, anagonga tena, hacheki tena. Kamera inasogea kwenye kioo, inasogea, mpaka ukuta mzima wa Daktari ukawa jicho moja. Jicho la kushoto.

Ile mboni haikuwa duara. Ilikuwa imechirizika kwa chini, kama tundu la ufunguo.

"Jamani, mchezo umetosha," alisema mwanamke yule. "Nifungulieni."

Na Daktari, kwa mapenzi yote, aliyatamka maneno hayo pamoja naye, kama watu wanavyoimba wimbo wanaoupenda. "Sikia maneno hayo, shemeji! Mepesi! Nani angeyaandika mepesi vile?" Aliposema hivyo akanigeukia, na kicheko kikamfia mdomoni. Alikuwa ameliona jicho langu.

Mimi kazi yangu ni kupima macho na kutengeneza miwani. Nimeyachungulia macho ya watu mpaka nimepoteza idadi, na mboni kama ile sijawahi kukutana nayo ila kwa watu wawili. Mmoja ni mimi, nimezaliwa nayo. Wa pili ndiye niliyeirithi kwake.

Nilitoka sebuleni bila kuaga. Mlango wa karibu ulikuwa wa chumba cha kutibia, nikaingia humo, nikashikilia kile kiti kirefu cha wagonjwa. Mhariri alinifuata, akafunga mlango nyuma yake.

"Fungua huo mlango," nikamwambia.

Akaufungua upesi.

"Ulikuja dukani kwangu miwani yako imepinda mkono," nilisema. "Nikakukalisha nikupime. Badala ya kusoma herufi ukanitazama mimi. Ukasema jicho langu limeumbwa na mtu aliyekuwa anachungulia. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nikaenda nalo nyumbani neno hilo kama zawadi. Shuleni waliniita paka, waliniita jini, ukaja wewe. Halafu tulipotoka mara ya pili ukaniuliza, mama yako naye analo? Mimi mjinga nikadhani mtu anayeuliza habari za mama ana nia njema!"

"Nilikuwa na nia njema."

"Ulikuwa unamtafuta."

"Kampuni moja ilinipa filamu ile niisafishe, waitoe upya. Nimekaa na jicho lile kwenye kioo cha kazi mpaka nikawa naliota. Kisha siku ile nikaingia dukani kwako..."

"Kwa bahati."

"Kwa bahati."

"Kula yamini."

Hakula. Nikampita pale mlangoni, bega langu likagusana na lake, na aibu yangu ni kwamba hata wakati ule mwili wangu ulimjua.

Mama alikuwa nyumbani anakunja pindo la mapazia ya mteja, miwani yake ya giza puani. Nimemtengenezea mwenyewe miwani ile, kwa sababu mboni kama zetu hazijui kujifunga, na jua linaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Mama hakuwahi kumtaka Mhariri. Nilipomtaja mara ya kwanza alisema, "Mtu anayeshinda gizani akitazama watu wakichinjwa, kwangu aje kufanya nini?" Nilidhani ni ukali wa kina mama tu.

"Mama," nikasema, "nimeiona Chumba cha Barafu."

Cherehani ikanyamaza.

"Yule kijana wako kakuonyesha?"

"Alijitahidi nisione."

"Basi anajua." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga yake, hakuivaa tena. "Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Walisema nitafungiwa kidogo tu, nikigonga wafungue. Nikagonga. Yule bwana akawaambia wasifungue, anapata kitu kizuri."

"Ulikaa muda gani?"

"Sijui. Nilipotoka nilikuwa sivihisi vidole. Akanikumbatia, akaniambia mimi ni mwigizaji mkubwa. Nikaondoka na nguo zao mwilini na sikurudi."

Niliitazama nyumba yetu. Tangu nizaliwe hatujawahi kuwa na friji. Majirani walitucheka, nami nilimnung'unikia Mama miaka na miaka, maziwa yakichacha, nyama ikinunuliwa ya siku hiyo na kuliwa siku hiyo. Alikuwa akinijibu kwamba vitu vya baridi vinaharibu tumbo. Nilitamani kumpigia magoti.

"Watu wanasema yule msichana alikufa mlemle," nikasema.

"Nilisikia. Nikaona afadhali. Marehemu hapigiwi simu." Nikamweleza habari za baraza na ubao wao, akauliza, "Na hao wenzake, wanaiweka ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Ya kwanza!"

Kitu kikapita usoni mwake, chepesi, kikaondoka. Ilikuwa fahari. Akaona nimeiona, akakasirika kama mtu aliyefumaniwa.

"Jumamosi nipeleke," alisema.

"Mama, hulazimiki..."

"Nimekwambia nipeleke. Na umwambie huyo kijana awepo."

Wiki ile Mhariri alipiga simu na sikupokea. Alituma ujumbe, nikausoma, nikautafutia uongo ndani yake kama mtu anayechambua mchele. *Sijamwambia mtu yeyote.* Kwa nini aseme hivyo, kama hakuna aliyemuuliza? *Nakupenda wewe.* Wewe yupi? Nilijitazama kwenye kioo cha dukani na kwa mara ya kwanza tangu shule nikataka jicho langu liwe kama la wengine. Mtu akipendwa kwa kasoro yake hujiona malkia. Mimi nilikuwa nimeambiwa kasoro ile ilikuwa ramani ya kwenda kwa mtu mwingine. Nililia nikiwa natengeneza fremu ya mtoto, kisha nikaosha uso nikaita mteja anayefuata.

Jumamosi Daktari alifungua mlango akamkuta Mama amesimama na mkoba wake kwapani, amevaa gauni la kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ndiye marehemu wenu."

Nimewahi kuona watu wakishtuka, lakini Daktari alirudi nyuma mpaka akakalia meza. Mwalimu aliinuka kwenye kochi, akampisha Mama mahali pake, akamletea maji bila kuulizwa. Mhariri alikuwa pembeni ya dirisha. Alikuwa amekonda. Nililiona hilo na nikajichukia kwa kuliona.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mama aliitikia kwa kichwa, akavua miwani. Wote watatu walitazama, kisha wote wakainamisha nyuso kwa adabu.

"Nitazameni tu, ndicho mlichozoea," alisema. "Haya. Nimesikia mna ubao."

Ubao ulikuwepo. Chumba cha Barafu haikuwa juu wala chini. Daktari alikuwa ameifuta.

"Kwa nini mmeifuta?"

"Mama, tumeona aibu," alisema Daktari. Sauti yake haikuwa na kicheko hata chembe. "Mimi yale maneno yako nimeyasema kwenye harusi za watu. Nimeyasema kwa wagonjwa kiti kikiwa kimelala. Nilidhani yameandikwa."

"Hayakuandikwa. Yalinitoka." Mama alinywa maji. "Lakini mkifuta mnanifungia tena mlango. Nilikuwa pale. Irudishe."

"Ya ngapi, mama?"

"Nyinyi ndio wajuzi. Mimi nawaambia jambo moja tu. Msiseme niliigiza vizuri. Sikuigiza. Mkitaka kumsifu yule bwana, msifuni kwa alichokifanya: alishikilia mlango."

Mwalimu alichukua kalamu kutoka kwa Daktari. Aliandika jina la filamu pembeni, peke yake, mbali na nyingine zote, na hakuweka nafasi.

Mama akamgeukia Mhariri. "Sasa wewe, baba. Niambie mbele ya mwanangu. Ulimtafuta yeye, au ulinitafuta mimi?"

Nilikuwa naangalia mikono yake. Nilijua akianza na neno bahati nitaondoka na sitarudi.

"Nilikutafuta wewe, mama," alisema. "Fundi mmoja mzee aliyewahi kumfanyia kazi Ndoano aliniambia unashona mapazia upande huu wa mji, na binti yako anapima macho. Niliipinda ile miwani kwa mkono wangu."

Mwalimu aliguna.

"Kampuni ilikutaka uhojiwe. Nilitaka kuwa mtu aliyekupata. Nilikuja dukani kuuliza anwani tu. Yeye akanikalisha, akanishika kidevu, akaniambia nisipepese macho." Alinitazama, mara ya kwanza siku ile. "Nikaondoka bila kuuliza. Nikarudi kesho yake, sikuuliza tena. Nikawaambia kampuni hapatikani. Kisha kila siku ikawa ngumu kuliko jana yake kukwambia."

"Tutajuaje hukuwaambia?" nikauliza.

"Shemeji," alisema Daktari taratibu, "tangazo lao jipya limetoka juzi. Bado wanasema mwigizaji alikufa. Wangejua yu hai, wangemweka kwenye kila ukuta."

Mama aliinuka, akavaa miwani yake. Aliwashukuru kwa maji. Mlangoni akanigusa mkono. "Nakusubiri barabarani. Zungumza naye, usizungumze naye, ni juu yako."

Tulibaki kwenye korido nyembamba inayonuka dawa ya karafuu ya meno. Alisimama mbali kidogo, kama mtu aliyefundishwa umbali wake.

"Sina la kujitetea," alisema.

"Sikuulizi utetezi. Nakuuliza kitu kimoja. Kama macho yangu yangekuwa ya kawaida, kama ya watu wote, na ungeingia dukani na miwani yako imepinda kweli. Ungenitazama?"

Nilitaka aseme ndiyo. Mungu anajua nilivyotaka. Na nilijua akisema ndiyo haraka sitamwamini kamwe, maana nilikuwa nimechoka kusikiliza kila neno lake kama mlinzi wa getini.

Alivua miwani yake, akaitazama.

"Sijui," alisema. "Nimejiuliza wiki nzima. Sijui, mpenzi. Najua tu kwamba sasa hivi nikifumba macho naisikia sauti yako kabla sijaliona jicho."

Nilitamani kumgusa. Sikumgusa.

"Usinipigie simu," nikamwambia.

"Sawa."

"Nitapiga mimi."

Hakuuliza lini. Nilishuka ngazi, nikatoka nje juani. Mama alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, mkoba kwapani, anatazama watu wanavyopita kana kwamba hakuna lililotokea. Tukaanza kutembea.

"Ulimuuliza?" alisema baadaye.

"Nilimuuliza kama angenipenda bila jicho hili."

"Akasemaje?"

"Amesema hajui."

Mama alitembea kidogo, akilifikiria jambo hilo kama anavyofikiria kitambaa kabla ya kutia mkasi.

"Angesema ndiyo," alisema, "ningerudi juu nikamzaba kofi."

Nikacheka, machozi yakaja humo humo, akanipa kona ya mtandio wake nijifute, na hatukusimama.